Mama akisikia "zimebaki chache" anapiga simu

Shikamoo Shangazi,

Barua hii nimeianza mara tatu nikaifuta, kwa sababu inamhusu mama yangu mzazi na sitaki aonekane mjinga. Mama si mjinga. Amefundisha shule ya msingi Morogoro zaidi ya miaka thelathini, na baba alipofariki yeye ndiye aliyetusomesha wote wanne. Sasa ana miaka 67. Mwaka 2018 nilimleta hapa Columbus, Ohio, anisaidie watoto. Mimi ni muuguzi msaidizi, nafanya zamu ya usiku, na mume wangu ni dereva wa lori, anaweza kumaliza wiki nzima barabarani.

Tatizo letu ni chaneli ya kuuza vitu kwenye televisheni. Sitaitaja jina. Unazijua zilivyo: mchana na usiku kuna mama mmoja mchangamfu anaonyesha sufuria, mkufu, koti au krimu ya uso. Pembeni kuna bei ya zamani imekatwa mstari, na chini kuna saa inayohesabu kurudi nyuma. Mama alianza kuiangalia ili azoee Kiingereza, na kweli Kiingereza kimepanda.

Mambo yalibadilika Machi 2020. Tulikwenda dukani tukakuta rafu za karatasi za chooni tupu kabisa, kutoka mwanzo hadi mwisho. Mama alisimama pale muda mrefu, kisha akaniambia kwa sauti ya chini, "Imefika hadi huku." Shangazi, mimi nilikuwa nacheka. Yeye hakucheka. Nyumbani akatusimulia tena hadithi ambayo tumeisikia tangu utoto: mwaka 1981, kaka yangu akiwa mgongoni, alipanga foleni ya sukari tangu alfajiri. Alipofika kaunta, mwenye duka akafunga dirisha na kusema, "Imekwisha."

Halafu ikaja 2022, kiwanda kikubwa cha maziwa ya watoto kule Michigan kikafungwa, maziwa ya kopo yakaadimika nchi nzima. Mwanangu wa mwisho alikuwa na miezi minne. Nilizunguka maduka sita nikarudi mikono mitupu. Mama akaingia chumbani kwake, akatoa makopo matano chini ya kitanda. Alikuwa ameyanunua mojamoja tangu mimba ikiwa na miezi saba. Tangu siku hiyo sina la kumwambia. Nikisema mama, vitu vipo, ananitazama tu.

Sasa kila yule mtangazaji anaposema "zimebaki mia tatu" au "rangi nyekundu inaondoka, wahini," mama anapiga simu. Jumamosi alipokwenda kanisani nilifungua gereji nikahesabu. Mablanketi kumi na moja. Seti tatu za sufuria, mbili hazijafunguliwa. Birika za umeme nne. Vidonge vya vitamini na matone ya "kuimarisha kinga" ambayo yanakuja yenyewe kila mwezi, yeye hajui kuyasimamisha na mimi sikujua kama yapo. Kadi yangu, niliyompa kwa ajili ya dharura, ina deni la dola 4,300, na kuna vitu bado vinakatwa kidogokidogo kila mwezi.

Kilichonimaliza ni makoti. Usiku mmoja nilikuwa nambadilishia mgonjwa shuka, simu ikalia mara nne mfululizo. Nikajua mtoto amepatwa na jambo. Nikatoka mbio ukumbini, nikapokea, mama ananiambia, "Mwanangu, makoti yale yanaisha, namba yako imebaki mbili, nichukue?" Nilimjibu vibaya. Hata hivyo aliyachukua, matatu, na moja alinichagulia mimi, jekundu, kwa sababu anasema natoka kazini alfajiri na baridi. Wiki tatu baadaye makoti yaleyale yakarudi kwenye chaneli, bei ileile, wakisema yamerudi kwa maombi ya wateja. Nikadhani sasa ataona. Akasema, "Mungu ni mwema, wamepata mengine," akaagiza la nne.

Tena kuna mashine ya kusagia aliyoagiza wiki saba zilizopita. Hela imekatwa, mashine haijafika, wala hatujapata barua.

Wiki iliyopita nilimwambia, "Mama, unanimaliza." Akaniambia, "Wewe hujui kukosa." Hatujazungumza vizuri tangu hapo. Anapika, anaogesha watoto, anasali, ananisalimu, basi. Kaka yangu yuko Dar, anasema nimnyang'anye rimoti na nikate hiyo chaneli. Mume wangu anasema nimwache, ni mtu mzima.

Naomba uniambie, Shangazi: hawa watu wanamwibia mama yangu au hapana? Hela inaweza kurudi? Na nitaanzaje kuongea naye?

Ni mimi, M., Columbus, Ohio

---

Marahaba mwanangu,

Koti lile nitalirudia mwishoni. Kwanza nataka tukae kidogo kwenye lile dirisha lililofungwa, maana nadhani barua yako yote iko pale.

Mwaka huo wa 1981 mimi nilikuwa binti mdogo Tanga. Mama yangu alinituma saa kumi usiku nikaweke jiwe kwenye foleni ya duka la ushirika. Jiwe lilikuwa ni mtu. Unaweka jiwe lako, unalijua, jirani analijua, unarudi nyumbani kuwasha moto. Vita vya Kagera vilikuwa vimekula hazina, mafuta yalikuwa ghali, fedha za kigeni hazikuwepo, viwanda vilisimama kwa kukosa vipuri. Sabuni, sukari, khanga na betri za redio vilipatikana kwa bahati. Mtu aliyepita kipindi kile akiwa na mtoto mgongoni hasikii neno "imekwisha" kama wewe unavyolisikia. Kwako ni taarifa. Kwake yeye ni mtoto atakayekunywa uji usio na sukari na mume atakayeuliza ulikuwa wapi tangu alfajiri. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mama yako, kwa ushahidi wa karatasi za chooni na makopo matano chini ya kitanda, ameshaona mara mbili kwamba ung'ongo ulikuwa nyoka kweli.

Kwa hiyo usianze na kumwambia kwamba vitu vipo. Ameshakushinda kwenye hoja hiyo, na mwanao alishiba kwa sababu alikushinda.

Hoja unayoweza kuibeba ni nyingine. Kuna uhaba wa nchi na kuna uhaba wa kipindi. Mama yako anaujua wa kwanza kuliko mimi na wewe. Wa pili hajawahi kuoneshwa.

Ngoja nikueleze biashara hii ilivyoanza, kwa sababu mwanzo wake unafundisha. Mwaka 1977 huko Clearwater, Florida, kulikuwa na kituo kidogo cha redio cha Bud Paxson. Mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akitangaza hapo alishindwa kulipa deni lake, akatoa vifungulia makopo vya umeme 112 badala ya fedha. Paxson akamwambia mtangazaji wake, Bob Circosta, avinadi hewani kwa dola 9.95 kimoja. Vikaisha vyote. Kutokana na hapo likaja wazo la kuuza kwenye televisheni, na kufikia 1985 chaneli yao, HSN, ilikuwa inaonekana nchi nzima. Mwaka uliofuata Joseph Segel akaanzisha chaneli nyingine ya aina hiyo, QVC, kule Pennsylvania, na mwishoni mwa 2017 kampuni inayomiliki QVC ikainunua HSN.

Umeona kilichouzwa siku ile ya kwanza? Vitu vilivyozidi. Hapakuwa na uhaba wowote wa vifungulia makopo Florida. Kulikuwa na boksi ambalo mwenyewe hakuweza kuliuza. Lakini lilipotajwa hewani likiwa na idadi, 112 na si zaidi, msikilizaji alisikia kitu kinachopungua. Ziada iligeuka kuwa uhaba kwa kupita kwenye kipaza sauti.

Ndiyo maana swali lako la kwanza, kama wanamwibia, siwezi kulijibu kwa neno moja. Anaposema zimebaki mia tatu, mara nyingi ni kweli zimebaki mia tatu. Mtangazaji ana kifaa sikioni, na mbele yake kuna skrini inayomwonyesha mauzo yanavyokwenda dakika hiyohiyo. Idadi haitungi. Swali ambalo haliulizwi ni nani aliyeamua kwamba leo zitauzwa elfu mbili na si elfu kumi, na kwamba kipindi kitakuwa cha dakika nane. Ni wao. Wanapanga mzigo wa kipindi, wanauhesabu mbele yako ukishuka, halafu mwezi ujao wanapanga mwingine. Koti la mama yako halikufufuka kwa maombi ya wateja. Kiwanda kipo, na kinashona.

Na kupungua huko mbele ya macho kuna nguvu ambayo wataalamu wameipima. Mwaka 1975 Stephen Worchel, Jerry Lee na Akanbi Adewole walifanya jaribio dogo la biskuti. Watu waliopewa chupa yenye biskuti mbili walizitamani zaidi kuliko waliopewa chupa yenye kumi, na biskuti ni zilezile. Halafu wakawapa wengine chupa ya kumi, wakaiondoa na kuleta ya mbili. Hao wakazitamani kupita wote, hasa walipoambiwa zimepungua kwa sababu watu wengine wamezichukua. Sasa tazama chaneli ya mama yako kwa jicho hilo. Hawaonyeshi tu kwamba makoti ni machache. Wanaonyesha yalikuwa mengi, yanachukuliwa, na anayeyachukua ni mwanamke kama yeye, ambaye anapiga simu na sauti yake inasikika hewani akisema ameagiza la dada yake pia. Nyekundu imekwenda. Ya kijani imebaki namba kubwa tu. Ni foleni, mwanangu. Wamemjengea foleni sebuleni, na safari hii yuko karibu na dirisha.

Kuna mwandishi wa matangazo haya, Colleen Szot, aliyebadilisha sentensi moja tu. Matangazo yalizoea kusema wahudumu wanakusubiri, piga sasa. Yeye akaandika: kama wahudumu wana shughuli, tafadhali piga tena. Mauzo yakapanda sana. Sentensi ya kwanza inaonyesha ofisi tupu, watu wamekaa mbele ya simu zisizolia. Ya pili inaonyesha msongamano. Hakuna aliyedanganywa kwa neno lolote, ila mkono umeshafika kwenye simu.

Mimi binafsi naliona jambo hili kuwa baya hata pale sheria isipolikataza. Kumharakisha mtu mzima mwenye jeraha la kukosa, ili asipate dakika tano za kumuuliza binti yake, si uungwana. Alikupigia mara nne ukiwa kazini kwa sababu alitaka kukuuliza. Ile saa ndiyo iliyomnyima nafasi ya kusubiri utoke zamu. Wewe ulisikia usumbufu. Mimi nasikia mama aliyetaka ruhusa ya mtoto wake na akanyimwa muda wa kuipata.

Wakati wa hofu wapo pia wanaovuka mpaka waziwazi. Mwaka 2020, korona ilipoingia, mhubiri wa televisheni Jim Bakker wa Missouri alikuwa akiuza maji yenye chembe za madini ya fedha (silver) kwenye kipindi chake, na mgeni wake akaeleza hewani kwamba yameshinda virusi vingine vya jamii ya korona. Serikali kuu ikamwandikia onyo, jimbo la Missouri likamshtaki Machi mwaka huohuo, na mwaka uliofuata akakubali kurudisha fedha za wanunuzi, kama dola 156,000. Nakutajia hili kwa ajili ya yale matone ya kinga. Mengine yote ya gereji yanaweza kungoja. Hayo yasimamishe wiki hii, na uyapeleke kwa daktari wake pamoja na vile vidonge, hasa kama mama anatumia dawa za presha au sukari.

Sasa hela. Hapa nitakwenda haraka.

Mashine ya kusagia ndiyo kesi yako nzuri. Tume ya biashara ya serikali kuu, FTC, ina kanuni iliyoanza mwaka 1975 kwa oda za posta, na baadaye ikahusisha simu na intaneti. Muuzaji anatakiwa kutuma bidhaa ndani ya muda aliotangaza, na kama hakutaja muda, ndani ya siku 30. Akishindwa, hata kwa sababu ya uhaba wa kweli, lazima akutaarifu na akupe nafasi ya kufuta oda na kurudishiwa fedha zote. Kukaa kimya wiki saba na hela mkononi haruhusiwi. Angalia kwanza barua pepe aliyojisajilia mama, huenda taarifa ilitumwa huko. Kama haipo, piga, futa oda, dai hela. Wakizungusha, waandikie wenye kadi kwamba bidhaa haijafika. Sheria inakupa siku 60 tangu ulipotumiwa taarifa ya kadi yenye makato hayo, kwa hiyo usiache mwezi upite. Malalamiko unaweza kuyapeleka FTC na kwa Mwanasheria Mkuu wa Ohio, ana kitengo cha wanunuzi.

Watu watakuambia kuna siku tatu za kubadili nia kwa kila kitu. Si kweli kwa hali yenu. Kanuni hiyo ya siku tatu ni ya mauzo ya mlangoni na mahali pasipo duka la muuzaji. Mtu aliyeagiza mwenyewe kwa simu haimhusu. Mnachotegemea ni masharti ya kurudisha ya chaneli yenyewe, na nyingi zinatoa siku 30 hivi, gharama ya kutuma mkiibeba nyie. Soma risiti za zile sufuria na mablanketi, panga kwa tarehe, anza na zilizo ukingoni. Koti la nne halina maelezo, lirudi. Pigia pia kampuni uulize ni malipo mangapi ya kidogokidogo bado yapo, maana zile dola 4,300 sidhani kama ndizo zote.

Kadi yako itoe kwenye akaunti ile. Usiifanye kwa siri. Mpe mama kadi nyingine ya kujaza, yenye kiasi mlichokubaliana kwa mwezi, kiwe dola 40 au 60, na asiulizwe anakitumiaje. Mtu aliyesomesha watoto wanne hawezi kuishi kwako bila senti yake mwenyewe. Pengine hilo nalo limo humu ndani, M. Alikuwa na mshahara, akaja kuwa mtu wa kupewa. Anapopiga ile simu, anaitwa kwa jina lake, anaulizwa anataka rangi gani.

Kaka yako na rimoti yake umwambie hapana. Mama yenu anakaa peke yake na watoto wadogo katika mji ambao jirani hamsalimii. Wewe unalala mchana, mkwe yuko njiani. Yule mtangazaji yupo kila siku saa ileile, amejipamba, anamwambia karibu. Ukizima bila kuleta kitu, umemwondolea mgeni pekee anayemtembelea. Muulize mchungaji wenu kuna akina mama gani wanaozungumza Kiswahili. Columbus haikosi, wapo Watanzania, wapo Wakenya, wapo Wakongo. Apate siku moja ya katikati ya wiki ya kuchukuliwa na mtu akapige soga. Nimeona wazee wakirudi na nguvu kwa jambo dogo kama hilo, na nimeona wengine wakinyauka kwa kukosa.

Sasa namna ya kuanza. Usianze na gereji. Anza na neno ulilomwambia. Chagua siku usiyo na zamu, watoto wakishalala, uchemshe chai mwenyewe, useme: "Mama, nisamehe kwa lile neno. Naomba unisimulie tena siku ya sukari." Utaona ajabu, kwa sababu hadithi hiyo mmeisikia mara mia ila nadhani hakuna aliyeiomba. Msikilize mpaka mwisho. Kisha muulize juu ya walanguzi. Alikuwa kijana mwaka 1983, Waziri Mkuu Sokoine alipowasha msako wa wahujumu uchumi, na watu wakawa wanatupa bidhaa usiku, wengine mabondeni, wengine baharini, kwa kuogopa kukutwa nazo. Muulize: sukari ile ilikuwa wapi siku zote tulipoambiwa imekwisha? Atakuambia mwenyewe. Iliyokuwa haipo ilikuwa haipo, lakini nyingine ilikuwa stoo, imefungiwa, inangoja bei.

Usimalizie wewe. Usiseme "sasa unaona, ndio hawa wa televisheni." Yeye ni mwalimu, na hakuna mwalimu anayependa kupewa jibu. Nunua daftari la mistari na kalamu nyekundu, mwambie ungependa mfanye utafiti wa mwezi mmoja. Kila akiona kitu anachokipenda aandike tarehe, kitu chenyewe, bei, na wamesema zimebaki ngapi. Asinunue mwezi huo, kasoro kwa ile kadi yake ndogo. Kikirudi hewani, aweke alama nyekundu. Mimi nimeshafanya hivi na mzee mmoja wa familia yetu aliyekuwa na maradhi ya minada ya simu. Hatukugombana hata mara moja. Wiki ya pili alikuwa ananiita, "Njoo uone, limerudi tena!" na macho yanang'aa kwa ushindi.

Na hofu yake yenyewe mpe kazi. Serikali ya Marekani inashauri kila nyumba iweke chakula na maji ya siku kadhaa kwa ajili ya dharura. Nyumba nyingi hazina, yenu itakuwa nayo, kwa sababu mna mtu anayejua. Ondoa mablanketi, mpe rafu mbili za gereji, mwambie, "Mama, hili ni ghala letu, wewe ndiye mtunzaji." Mchele, unga, maharage, sukari, mafuta, sabuni, dawa za homa za watoto. Afanye hesabu kila mwezi, atoe cha zamani kiliwe, aingize kipya. Mpeleke dukani akachague kwa macho na mikono yake, hakuna saa inayohesabu. Yale makopo matano yalitokana na akili hiyohiyo, na aliyanunua mojamoja, kwa utulivu, hakuharakishwa na mtu.

Uhaba utakuja tena. Tarehe 18 Desemba 2021, siku chache kabla ya Krismasi, ghala kubwa la QVC huko Rocky Mount, North Carolina, liliungua. Mfanyakazi mmoja alifariki, na bidhaa nyingi zikateketea. Januari iliyofuata meli zaidi ya 100 zilikuwa zimepanga foleni nje ya bandari za Los Angeles na Long Beach. Mambo hayo mama yako atakuwa ameyaona kwenye taarifa ya habari, na alikuwa sahihi kuyachukulia kwa uzito. Mfundishe tu kwamba muuzaji aliyepungukiwa kweli hukuandikia kuwa mzigo umechelewa, na sheria inamlazimisha akupe nafasi ya kufuta. Hakuwekei saa.

Mume wako anasema mama ni mtu mzima, na hapo yuko sawa. Lakini deni liko kwenye jina lako, kwa hiyo nanyi wawili mkae mlipangie, kabla hujaenda kwa mama, ili asije akabeba lawama ya ugomvi wa ndoa.

Na lile koti jekundu alilokuchagulia, usilirudishe. Litoe lebo kesho, ulivae ukienda zamu, na alfajiri ukirudi pita jikoni akuone umelivaa.

Shangazi